Kofia ya Maalim Dahalani

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani aitwaye Maalim Dahalani, mcha Mungu na mpole sana, ila pale alipokasirika. Na alikuwa akikasirika kila siku, baina ya adhuhuri na alasiri, watoto wakishachoka na yeye akishaona njaa.

Kwa kuwa aliijua aibu yake hiyo, aliwafundisha wanafunzi agizo la Mtume, rehema na amani zimshukie: aliyekasirika akiwa amesimama, na akae, hasira isipomtoka, na alale. Watoto walilipenda somo hili kuliko yote. Wakigombania wino, mmoja hukaa kitako. Ugomvi ukizidi, chuo kizima hulala mkekani kikitazama dari, kila mmoja akiusikiliza moyo wake.

Habari zikamfikia Sheikh Ngwali, msimamizi wa wakfu uliokiendesha chuo, kwamba pale hapasomwi, panalalwa. Akatuma salamu kuwa atakuja kujionea, na akikuta ni kweli, chuo atapewa mtu mwingine.

Siku ya ugeni huo Maalim alivaa kofia mpya aliyodariziwa na mkewe. Alipokwenda kutia udhu aliiweka dirishani, mahali pa kitambaa cha kufutia mbao za kuandikia. Aliporudi akamkuta binti mmoja, Zena, ameshafuta mbao zote, na kofia imekuwa nyeusi tii kwa wino wa masizi.

"Nilidhani ndiyo kitambaa, Maalim," akasema Zena.

Maneno hayo yalimuuma kuliko wino. Akanyanyua bakora. Zena akamtazama.

"Maalim, umesimama."

Maalim akakaa.

"Imekutoka?"

Akajisikiliza. Alikuwa mtu asiyesema uongo, hata pale uongo unapofaa. "Bado."

"Basi lala, Maalim."

Akalala, bakora kifuani. Na hivyo ndivyo Sheikh Ngwali alivyomkuta.

"Maalim, unaumwa?"

Angeitikia tu, angesalimika. Akasema, "Siumwi, Sheikh. Nimekasirika."

"Umekasirika ndiyo ulale? Mbele ya watoto wa watu?" Sheikh alifoka mpaka kilemba kikamwenda upande. Zena akamgeukia.

"Babu Sheikh, nawe umesimama."

Sheikh akainua kidole amkemee, akakiona kidole chenyewe kinavyotetemeka, akakishusha. Akakaa. Punde akajinyoosha ubavuni mwa Maalim, mzee mzima na joho lake.

Walilala kitambo. Kisha Sheikh akasema taratibu, "Miaka yote hii nilidhani hasira zangu wanazo watu. Kumbe ninazo mimi."

"Na chuo je, Sheikh?"

"Chuo ni chako. Sogea kidogo, mimi bado haijanitoka."

Ndugu zangu, tunawafunza watoto kumjua Mola wao, na tunafanya vyema. Tuwafunze na kuzijua nafsi zao wangali wadogo. Maana anayechelewa somo hilo hulisoma amelala chini, ndevu zimeshakuwa nyeupe, na mwalimu wake bado anang'oka meno ya utoto.