Kanga ya Kukamulia

Wapendwa, sitasema mengi. Nina mfano mmoja wa zizini, na atakayeona unamgusa asimtazame jirani yake.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefuga ng'ombe mweupe, akamwita Nyange. Kila asubuhi mama huyo alijifunga kanga yake ya kukamulia, ile iliyopauka mpaka maua hayaonekani, akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwa ng'ombe na kuimba pambio kwa sauti ya chini. Wafugaji mliopo hapa mnajua tabia ya ng'ombe. Akizoea mkono na harufu ya mtu mmoja, akiguswa na mwingine anaficha maziwa.

Mama alikuwa na binti. Binti ndiye aliyekata majani, ndiye aliyezoa samadi, ndiye aliyechemsha maji ya kuoshea kiwele. Lakini kukamua alikatazwa.

"Mama, leo nijaribu mimi?"

"Ujaribu nini? Mikono yako ina baridi kama chura. Utamshtua, afiche maziwa, tukose wote."

"Nitaipasha moto kwanza."

"Subiri ukue, mwanangu. Lete ndoo."

Binti akaleta ndoo. Wakati huo alikuwa ameshampita mama yake kimo. Nawauliza, alikuwa akisubiriwa akue afike wapi?

Kwenye ibada ya akina mama, yule mama alipenda kusema, "Mimi nikilala nje usiku mmoja tu, Nyange hali majani." Wenzake walicheka. Mmoja akamtania, "Basi dada, hata mbinguni utaomba ruhusa urudi kukamua!" Naye akafurahi, maana hakusikia kama ni utani, alisikia kama ni sifa. Ulipofika wakati wa maombi alinyoosha mikono juu, akalia kwa machozi: "Bwana, inua vijana wetu! Wape mzigo wa kazi yako!" Baada ya amina akajifuta uso na kusema, "Lakini mabinti wa siku hizi, jamani, kazi yao simu tu." Binti yake alikuwa nyuma yake, amembebea Biblia.

Masika yakaja. Mama akateleza kwenye tope mlangoni pa zizi, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, na jioni ikawa imefika. Nyange alikuwa analia zizini.

Akaitwa jirani mmoja, mwanamume mzoefu wa kukamua. Alipogusa chuchu tu, Nyange akarusha teke. Jirani akakaa chini kwenye samadi, kofia yake upande huu, ndoo upande ule.

"Mama, huyu ni ng'ombe au askari wa getini?" akasema, akijipangusa. "Mimi nina watoto nyumbani, wananihitaji." Akaenda zake.

Asubuhi kiwele kilikuwa kigumu kama jiwe. Nyange hakutaka hata majani. Kila mfugaji anajua, kiwele kikikaa hivyo kinaweza kuharibika, na ng'ombe asikamuliwe tena. Na pale nje ya uzio alisimama mzee mmoja na mjukuu wake, mtoto aliyefiwa na mama yake, ameshika kikombe chake cha plastiki. Mtoto huyo kila asubuhi alikunywa maziwa ya Nyange. Hakuelewa habari za plasta wala za teke. Alinyoosha kikombe tu, analia.

Mama akaingia ndani, akakaa kitandani, akajifunika uso kwa mkono uliobaki mzima. Alipokuwa amekaa hivyo, akasikia kitu. Maziwa yanapiga chini ya ndoo tupu. Mnaijua sauti ile. Kwanza inalia kama bati, halafu inakuwa nzito ndoo inapojaa. Na juu yake akasikia pambio, lile lile lake, linaimbwa taratibu.

Akatoka. Pale zizini binti alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejitanda kanga ya mama yake, ile ya kukamulia. Nyange alikuwa ametulia, masikio yameanguka, anacheua.

"Nani amekufundisha?" mama akauliza.

"Wewe, mama. Nimekuangalia tangu ukinibeba mgongoni."

"Sasa mbona hukusema kwamba unaweza?"

Binti hakuinua kichwa. Alisema polepole, bila hasira, "Nilisema, mama."

Mama akaona kanga imemteleza binti mabegani, imeanguka kwenye tope. Akainama kwa shida aiokote amfunike tena, asije ng'ombe akagundua. Akatazama. Nyange alikuwa amemgeukia binti, ananusa bega lake lililo wazi, na maziwa yanaendelea kutoka. Hakurusha mguu.

"Iache tu, mama," binti akasema. "Hata Nyange ameshanikubali. Ulikuwa umebaki wewe."

Mama akabaki amesimama na kanga yenye tope mkononi. Hakujua aiweke wapi. Na pale nje mtoto alikuwa bado analia na kikombe chake.

Wapendwa, mama huyo ni nani? Nasema nikiangalia chini, kwa sababu sote tunamjua. Ni sisi. Sisi tunaofunga na kuomba Mungu ainue vijana, kisha tukitoka kwenye maombi tunakikalia kigoda sisi wenyewe. Viti hapa hupangwa na nani? Maji huletwa na nani? Spika hubebwa na nani? Vijana. Na neno huhubiriwa na nani? Kijana akiomba kuongoza ibada tunamwambia subiri ukue. Akichoka kusubiri, akaondoka, tunasema dunia imemchukua. Dunia ilimchukua, au sisi ndio tuliomtoa? Na hao walioko nje ya uzio wenye njaa ya Neno, tutawaambia nini? Kwamba mikono ya watoto wetu ina baridi?

Nanyi vijana, msifurahi mkadhani mfano huu umewasifu tu. Binti yule hakuanza siku ile. Alikuwa ametazama miaka yote, na pambio alilijua. Jifunzeni sasa, mkiwa bado mnabeba ndoo. Siku mtoto atakapolia pale nje, msigeuke kutafuta mwingine.

Sala ya kufunga nilipangiwa mimi. Sitaiomba. Binti uliyekaa karibu na mlango, ndiyo, wewe uliyefagia kanisa asubuhi tukakupita bila kukusalimu, njoo mbele, mdogo wangu. Usiogope, omba kwa maneno yako mwenyewe. Nasi wengine tuinamishe vichwa vyetu. Leo tunayo sababu ya kuviinamisha.