Mkwe Mnyamavu na Hati ya Parachichi

"Mkwe mnyamavu hupakuliwa asichokula." Mnacheka, vijana wangu, mnadhani nimeiokota jikoni. Methali hii ilizaliwa humu humu ofisini, mbele ya kompyuta, na ilianza hivi.

Palikuwa na binti wa Rungwe, Tumpale, mwandishi wa programu. Mama yake na kina mama wenzake wa kikundi walikuwa wamepata soko lao la kwanza la parachichi ng'ambo. Kontena lilishafika getini bandarini, na mwisho wa meli kupokea mizigo ulikuwa jioni ile ile. Programu ya Tumpale ndiyo iliyotakiwa kuipelekea kompyuta ya bandari hati ya mzigo. Hati ikakataliwa. Akaituma tena, ikarudi vile vile.

Hati za namna hiyo hutaja juu kabisa koo za maneno yake, yaani kila neno ni la msamiati wa nani, ili "uzito" wa bandari usichanganywe na "uzito" wa watu wengine. Bandari ilitaka ukoo mmoja tu, wa kwake. Ya Tumpale ilifika na koo mbili za ziada. Akaipekua programu yake mstari kwa mstari, hakuziona. Kwa hasira akazifuta kwa mkono kwenye hati iliyokwisha kutiwa muhuri wa kielektroniki. Hapo ndipo alipolikoroga: bandari ikajibu kwamba hati imechezewa.

Mama akapiga simu kuuliza kama matunda yameshapanda meli. "Bado kidogo, mama," Tumpale akasema, kisha akakaa machozi yakimlengalenga. Hakuhofia kazi. Alihofia namna ya kuwatazama wale kina mama machoni.

Jirani yake wa meza, Gwamaka, mtu wa mizaha, akavuta kiti.

"Dada, hicho kiandishi cha kuazima ambacho programu yako inakitumia kugeuza data kuwa hati, ulikiambia kitaje koo zipi?"

"Sikukiambia kitu, kaka. Ndiyo maana nashangaa zimetoka wapi."

"Kwenye huo ukimya wako! Usipokitajia, kinajiwekea koo zake cha mazoea kilizozizoea. Mimi nilipokwenda ukweni mara ya kwanza niliona haya kusema sili maini. Nikanyamaza. Mama mkwe akaona nayapenda, akanijazia sahani. Nikayamaliza kwa adabu, naye akaongeza!"

Tumpale akacheka huku akifuta macho, na katika kucheka akaelewa. Hapakuwa na la kufuta. Palikuwa na la kusema, tena kabla hati haijaandikwa. Akakipa kiandishi orodha yake mwenyewe: ukoo wa bandari, basi. Hati ikatoka safi, ikatiwa muhuri, ikaenda.

Wakakodoa macho kwenye kioo. Imepokelewa! Tumpale akaichukua simu kwa furaha. Alipompigia mama yake, vigelegele vilivuka simu vikasikika hadi mlangoni.

"Na wakwe zako," Tumpale akamuuliza Gwamaka baadaye, "uliwaambia?"

"Thubutu! Mwaka wa saba huu, maini nayala."

Basi nanyi mashine ikiwawekea msichokitaka, jiulizeni kwanza kama mlisema. Mkwe mnyamavu hupakuliwa asichokula.