Ndoo ya Baba Mkwe

Yamechanua, jamani, yamechanua! Okidi za Bibi! Lugano, weka huo muwa chini. Subi, njoo hivyohivyo pekupeku. Maua kumi na moja kwenye kikonyo kimoja, rangi ya waridi, na kila ua lina vimikia viwili nyuma kama mbayuwayu!

Mnakumbuka mwezi wa saba niliporudi likizo? Nikakuta majani yamekauka yote, na mimi si ndiyo msomi wa kilimo bwana, chuo mwaka wa pili, nikabeba ndoo niende kuyaokoa. Bibi akanipokonya. “Kilicholala hakimwagiliwi!” Mkanicheka wiki nzima. Leo mnauliza msemo huo umetoka wapi, na bahati yenu, asubuhi hii nimechuchumaa na Bibi pale kwenye maua akanipa yote. Kaeni basi. Msemo wenyewe umezaliwa palepale nyuma ya jiko letu, na ulianza hivi.

Bibi Tamali ni wa Makete, kule juu kwenye baridi, ambako okidi zinaota zenyewe katikati ya majani ya malisho. Alipoolewa huku kwetu Rungwe alikuja na sanduku la bati na viazi sita vya okidi, vidogo kama mayai ya njiwa, amevifunga kwenye kanga pamoja na udongo wake. Wifi zake wakafurahi, wakadhani ni chakula, vile viazi vinavyotwangwa na kupikwa na karanga. “Tukupikie chikanda, wifi?” Akawaambia, “Mkivipika hivi, mmenipika mimi.”

Akavipanda nyuma ya jiko, mahali maji hayatuami, bila samadi hata chembe. Vikachanua vyote sita. Mwezi huohuo wa maua akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akaishi siku tisa.

Bibi akanyamaza. Akawa mtu wa kulala tu. Mnawajua watu wetu kwa kufariji: asubuhi uji, mchana maneno. “Utapata mwingine.” “Jikaze, mama.” Anaitikia kwa kichwa, halafu anageukia ukuta. Babu yetu, mumewe, alishinda akichonga mpini wa jembe. Ukiisha, anaanza mwingine. Na kaka yake Bibi akatuma ujumbe kutoka Makete: “Mvua za kwanza nakuja. Nikimkuta bado amelala, naondoka naye.”

Aliyeumia kimya kuliko wote ni baba mkwe, Mzee Anyosisye. Zamani huku kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaongei, hata kuangaliana hawaangaliani. Ukisikia mzee anakohoa, unapotelea migombani. Ndiyo heshima. Kwa hiyo hata pole ya mtoto mzee hakuweza kuitoa kwa kinywa chake.

Ila aliona majani ya okidi yanageuka njano. Yakakauka, yakaanguka. Mzee akaingiwa na hofu: haya yakifa, na huyu hatakaa hapa. Basi kila alfajiri anashuka mtoni na ndoo, anamwagilia. Wiki, mwezi. Pole yake ndiyo ile.

Asubuhi moja Bibi katoka, anaona udongo umelowa, na kiangazi kile! Akapiga magoti, akafukua kwa kidole. Kiazi cha kwanza kimeoza, kinanuka. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu, cha nne, cha tano. Kimebaki kimoja kigumu, pale pembeni ambako maji hayakufika.

Mara, ngwee! Ndoo imegonga jiwe. Mzee huyo, kakamatwa, hana pa kukimbilia, kajifunika uso kwa kofia.

Bibi akampa mgongo, kama adabu inavyotaka. Karibu yake kulikuwa na mbuzi kafungwa. Akamwambia mbuzi:

“Mbuzi, mwambie mwenye ndoo nimeshukuru.”

Mbuzi anatafuna tu.

“Ila mwambie viazi hivi havikuwa vimekufa. Kiangazi vinalala. Kilicholala hakimwagiliwi. Kinaoza.”

Sauti ya mzee ikatoka nyuma ya kofia, ndogo kabisa: “Mbuzi, niulizie. Nimeua vingapi?”

“Vitano.”

“Na hicho kimoja kitaamka lini?”

“Mvua ikija yenyewe.” Bibi akafuta vidole kwenye nguo. “Mbuzi, mwambie na mimi sijafa. Nimelala. Lakini wananimwagilia mno.”

Siku ileile mzee akaibeba ile ndoo mpaka njiani, akaigeuza chini juu, akaikalia. Akija mtu na uji wake: “Uji acha, maneno rudi nayo.”

“Mzee, tumekuja kumfariji mkweo!”

“Kilicholala hakimwagiliwi.”

Wakasema kachanganyikiwa. Wakaondoka wanacheka, msemo wameubeba mdomoni. Mama mkwe naye akawa anaweka chakula mlangoni, anaondoka bila kugonga.

Mvua ikanyesha. Kesho yake kaka huyo, matope mpaka magotini, mzee yuko juu ya ndoo.

“Nimekuja kumchukua dada yangu.”

“Mvua imeanza jana, baba. Hata haijazama vizuri.”

Kaka hakungoja, akazunguka moja kwa moja nyuma ya jiko.

“Kaka! Angalia unapokanyaga!”

Ni Bibi. Miezi tisa hakuna aliyesikia sauti yake ikipanda. Alikuwa amechuchumaa, kalowa chapachapa, kaweka viganja viwili kukinga jani moja la kijani, dogo kama sikio la panya.

Kaka alikaa siku tatu, akala ndizi akashiba, akarudi peke yake. Mwaka uliofuata akazaliwa baba yetu. Na maua yote mnayoyaona pale ni uzao wa kile kiazi kimoja. Bibi kanionesha leo: kila mwaka kiazi cha zamani kinanyauka, kipya kinakaa ubavuni mwake. Cha zamani hakirudi.

Wee Subi, unakwenda wapi? Usimgongee Bibi. Kila mwaka yakichanua, akishayaangalia asubuhi anajifungia mpaka jioni, na leo nimejua kwa nini. Chukua kile chakula, weka mlangoni polepole, urudi.

Kilicholala hakimwagiliwi.

Lakini miaka kumi na mmoja mzee na mkwewe walisemezana kupitia mbuzi, na mbuzi hawaishi milele, au siyo? Walivyofanya siku alipokufa yule mbuzi, hiyo ni ya kesho, tukipalilia.