Mwalimu Fisi na Somo la Kutendwa

Kacha! Kacha! Kacha!

Mmesikia?

Tumesikia!

Mlango mmeufunga?

Kwa komeo na kwa jiwe!

Haya, sogeeni, maana ndivyo alivyosikia Bi Pimbi usiku wa manane, yuko macho pangoni kwake, kamkumbatia Tunu, binti yake wa pekee, na kule chini kwenye pango la shule kitu kinatafunwa, kacha, kacha, kacha, na asubuhi yake Mwalimu Fisi akatangaza, uso kaukunja kwa huzuni: "Mtoto wa Sungura ameliwa."

Wiki iliyotangulia alisema, "Mtoto wa Digidigi ameliwa." Kabla ya hapo, "Mtoto wa Kanga ameliwa." Ameliwa, ameliwa, ameliwa. Na nani? Hasemi.

Mtauliza, kwani wazazi hawakushtaki? Walishtaki! Lakini Mfalme Simba hapokei shtaka lisiloandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza alikijua Fisi peke yake, kwa sababu aliwahi kula kitabu cha sarufi ya Kiingereza kwenye jalala la shule moja, akakila na jalada lake. Basi Fisi ndiye mwalimu, Fisi ndiye mwandishi wa barua, na kila barua yake ilisema mtoto ameliwa, aliyemla hayumo. Simba akisoma anasema, "Poleni," anageukia upande wa pili, analala.

Na huyo Fisi alifundisha kwa vitendo. Ana kamba yake ya mkonge. Humwita mtoto mbele, humfunga miguu, halafu husemea puani, "Mimi namfunga Sungura. Hiyo ni kauli ya kutenda. Sungura anafungwa. Hiyo ni kauli ya kutendwa. Mtendaji ukitaka mtaje, hutaki mwache, sentensi imesimama." Kisha huuliza maswali. Aliyekosea hubaki jioni kwa marudio. Na waliobaki kwa marudio hawakuonekana tena.

Basi siku ile ile ya tangazo la mtoto wa Sungura, Tunu akarudi analia.

"Mama, nimekosea. Mwalimu kasema kesho nibaki."

Bi Pimbi akamfuta machozi. Atakwenda wapi? Atamwambia nani? Hakula, hakulala, na alfajiri akatoka nje, akawaona siafu. Mstari mweusi, mnene kama mkono, unateremka mwambani, shwaaa, unaelekea pango la shule.

Sasa watu wa mapangoni wana desturi yao. Siafu wakihama, hupigani nao. Unawapisha nyumba, unatoka na wanao, unangoja, na wakishapita pango linabaki safi, halina kunguni wala mjusi. Kila pimbi anajua. Fisi hakujua, yeye mtu wa mbugani, pango lenyewe alilinyang'anya.

Bi Pimbi akamshika Tunu mkono, akateremka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Tunu. Umemleta mwenyewe! Mzazi wa mfano!" Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Mwalimu, huyu mtoto haelewi kwa kuwa anaona upande mmoja tu. Kila siku wewe unafunga. Leo ufungwe wewe, aone kutendwa kwa mtu mzima. Kisha atunge sentensi. Akikosea, tunabaki mimi na yeye."

Wawili! Fisi akacheka, hii-hi-hii! "Wewe kidole gumba unifunge mimi? Haya, funga, darasa lione."

Bi Pimbi akafunga mguu wa kwanza. "Pimbi anamfunga Fisi!"

Watoto wakaitikia, "Fisi anafungwa!"

Akafunga wa pili. "Pimbi anamfunga Fisi!"

"Fisi anafungwa!"

Akafunga wa tatu. "Pimbi anamfunga Fisi!"

"Fisi anafungwa!"

"Inatosha," Fisi akasema.

"Mwalimu, unaacha kazi nusu mbele ya wanafunzi?"

Fisi akautoa mguu wa nne mwenyewe.

Mama akakaza fundo. "Tunu, toka nje. Watoto wote, tokeni. Kimbieni juu ya mwamba!"

Shwaaa.

Fisi akasimamisha sikio. "Nini hicho?"

"Wageni."

Siafu wa kwanza akamuuma sikioni. "Aa!" Akajikunja aitafune kamba, wakamjaa puani. "Bi Pimbi, dada yangu, nifungue!"

"Nani aliwala watoto?"

"Waliliwa!"

"Na nani?"

"Waliliwa tu, ndio dunia!"

Siafu wakafika machoni.

"Na nani, Mwalimu?"

"Mimi! Mimi niliwala! Wote watatu niliwala mimi! Nimeshasema, nifungue!"

Mkono wa Bi Pimbi ulikwenda kwenye fundo, kweli ulikwenda, kwa sababu kilio ni kilio. Halafu akamsikia Tunu huko nje anakohoa kwa baridi. Akaurudisha mkono.

"Nimesikia, Mwalimu," akasema, akatoka.

Akakaa juu ya mwamba amemziba Tunu masikio, na ya kwake hakuwa na mikono ya kuyazibia.

Siku ya pili pango lilikuwa safi. Safi kabisa. Mfalme Simba akamtuma Kasuku, tarishi wake, amwulizie mwandishi wa barua. Kasuku akawakuta Mama Sungura, Mama Digidigi na Mama Kanga wanafagia mlangoni, fagi, fagi, fagi.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Ameliwa," wakasema, wala hawakuinua vichwa.

"Poleni," akasema Kasuku, akaruka, puru!

Na funzo ni hili: mtoto akiambiwa abaki jioni, mzazi asiulize, asifuate, alale usingizi mnono. Na tuisome sana sarufi, wanangu, haijawahi kumdhuru mtu.

Hadithi nimeitua chini.

Nasi tumeifunika!

Aliyefunga yale mafundo mnamjua?

Tunamjua!

Akija mtu kuuliza, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Hatumwambii! Hatumwambii mwingine yeyote!