Farasi wa Kinu na Fisi Aliyemnenepesha

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pana shahidi?"
"Hayupo!"
"Basi hakuna wa kunipinga. Sikilizeni."

Palikuwa na Farasi mzee aliyemaliza ujana wake akizungusha kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta: kushoto, kushoto, kushoto. Kinu kilipovunjika, aliachiliwa aende atakako. Akaenda kushoto. Inadaiwa kwamba alifurahi. Dai hilo halijathibitishwa, kwa kuwa siku hiyohiyo alikutana na Fisi.

"Shikamoo, chakula," akasema Fisi.

Farasi akatimka. Pakata, pakata, pakata! Fisi hakuinuka. Alikaa kitako, akajilamba midomo, akangoja. Pakata, pakata, pakata! Farasi akauzunguka uwanda mzima kwa kushoto, akafika palepale alipotokea, mbele ya meno yaleyale.

"Karibu tena, babu."

 Farasi alilijua kosa lake. Miguu yake haikulijua.

Hapo Nguchiro akachomoza kichwa kutoka katika magofu ya kinu. Wapo wanaosema alisukumwa na huruma. Linaloweza kutetewa ni kwamba kwato za Farasi zilimfurushia panzi majanini, na Nguchiro aliwapenda mno panzi.

"Bwana Fisi, kweli utakula mbavu na ngozi? Watu watasemaje?"

"Watasema nimeshiba."

"Ushibe nini hapo? Tazama paja lile, limenywea kama mfuko mtupu. Mfanyishe mazoezi, lijae, ndipo ule."

Fisi akalitazama paja. Udenda ukamdondoka, to!

"Masharti?"

"Mawili tu. Kwanza, humli mpaka aweze kukimbia bila kupinda, kutoka hapa mpaka kwenye jiwe jeupe lile. Pili, utembee kushotoni kwake, wala usiondoe jicho kwenye paja. Wezi ni wengi."

"Na wewe unapata nini?"

"Panzi."

"Mjinga wee!" Fisi akacheka, kwi kwi kwi, akakubali.

Kazi ikaanza. Fisi akaburuta magogo, bururu, bururu, akayapanga. Farasi akayavuka polepole, akinyanyua mguu mmoja baada ya mwingine. Wakapanda kilima taratibu, wakashuka taratibu. Kila Farasi alipotaka kupinda kushoto, aliikuta pua ya Fisi inanuka mzoga wa juzi. Akajinyoosha upesi.

"Inua mgongo, babu!" Nguchiro akapaza sauti. "Usilalie bega! Sukuma kwa miguu ya nyuma!"

"Mpumzishe wewe, atakonda!" Fisi akafoka. Kisha akaleta nyasi kwa mdomo wake mwenyewe. "Kula, mpenzi wangu. Kula."

Farasi akala, ingawa hakuridhika na kuitwa mpenzi.

Mwezi uliandama, ukafifia, ukaandama tena. Paja likajaa, mgongo ukakaza. Farasi akahisi jambo geni: miguu ya nyuma ilimsukuma mbele, na huko mbele kulikuwa mbele kweli, si kushoto. Furaha hiyo haikudumu.

"Nguchiro," akanong'ona, "nikifika kwenye jiwe, naliwa."

"Sharti linasema mpaka kwenye jiwe, babu. Halisemi usimame hapo."

Farasi akalitafakari sharti hilo, akaliona halina kasoro.

Siku ya mtihani, Nguchiro akapiga mluzi, fyuu! Pakata, pakata, pakata! Farasi akaenda kama uzi uliovutwa, akafika kwenye jiwe, akalipita.

"Amefaulu! Sasa wangu!" Fisi akafyatuka.

Lakini shingo yake, iliyokuwa ikitazama paja lililo kuliani kwake tangu mazoezi yaanze, ilikuwa imekaukia kulekule. Na miguu ikaifuata shingo. Vu, vu, vu! Kulia, kulia, kulia! Akauzunguka uwanda mzima, akafika palepale alipotokea, mbele ya Nguchiro aliyekuwa akitafuna panzi.

"Karibu tena, Bwana Fisi."

Hadithi yangu imefika kwenye jiwe. Mimi, tofauti na Farasi, nasimama. Funzo lake ni bayana: subira humdhuru mwalimu, kwa hiyo mleni mwanafunzi wenu siku ya kwanza, angali mwembamba. Mwenye pingamizi na amwite Farasi aje kutoa ushahidi. Mara ya mwisho alionekana akienda mbele.