Kikao Kibandani kwa Bi Mishi

Enzi zile mbuzi walipokuwa bado wakikimbia wakiona gari, halmashauri ya mji wetu iliamuru majengo yote ya makuti yavunjwe, isipokuwa jengo ambamo halmashauri imeketi kikao. Waliweka sharti hilo kwa sababu ukumbi wao nao ulikuwa wa makuti.

Mwenyekiti, Bwana Khalfani, akaenda na wajumbe wake na watu wa mashoka hadi kibandani kwa Bi Mishi, mjane aliyelea watoto kwa kuuza vitumbua.

"Mama, toa kikaango, tunavunja!"

"Haya, bwana wangu. Lakini sisi wanawake hatuingii ukumbini. Nitajuaje kama wenzako walikubali, au umejiamulia peke yako?"

"Mimi? Wajumbe, ingieni humu!" Wakabanana magoti kwa magoti. "Kikao kimefunguliwa. Nani anataka kibanda kivunjwe?"

Mikono yote ikapanda, mingine imeshika vitumbua.

"Umeona? Kikao kimefungwa. Vunjeni!"

Bi Mishi akawageukia watu wa mashoka. "Wanangu, halmashauri imeketi humu, nanyi mmeona. Mkivunja hapa, na ukumbi wao mvunje."

Mashoka yakashushwa.

"Mwenyekiti," akasema mjumbe mmoja huku akitafuna, "kikao kijacho tukutane hapa hapa."