Kimulimuli na Kipande Kimoja cha Kanga

Paukwa!

"Pakawa!"

Mnataka ngano kavu au ngano ya maji?

"Ya maji!"

Basi sogezeni mihogo yenu pembeni ya moto isiungue, mnisikilize. Hii sikuhadithiwa na mtu. Niliiona mimi mwenyewe, mjomba wenu Mhina, kwa macho haya mawili. Tangi lenyewe la samaki nililibeba mimi kichwani kutoka stesheni, limejaa maji pomoni, na sikumwaga hata tone.

"Mjomba, limejaa maji uliliweza?" aliuliza Siwazuri.

Nilikuwa na shingo siku zile. Shule niliiacha darasa la tano, lakini shingo sikuiacha.

Hapo zamani, si za kale sana kwa kuwa kipara hiki nilikuwa nacho tayari, palikuwa na Bi Mwanamkasi, muuza kanga wa Ngamiani, Tanga. Duka lake lilijaa kanga mpaka darini. Nyumba yake, nyuma ya duka, haikujaa kitu. Mume alikufa. Watoto hakujaaliwa. Shoga yake Zuhra, aliyelala naye mkeka mmoja tangu usichana, alihamia Songea kwa mwanawe. Siku ya kuagana waligawana doti moja ya kanga nyekundu yenye michoro ya korosho. Zuhra akaenda na kipande kimoja, Bi Mwanamkasi akabaki na kimoja. Kila jioni alijifunga kipande chake, akala sahani moja ya wali, akaosha sahani moja, akalala.

Siku moja akasema, "Nyumba hii inataka kitu chenye roho." Akanunua tangi la kioo. Akatia mchanga, akapanda majani ya majini, marefu na mafupi, mpaka likawa kama shamba lililofurika. Kisha akaenda kwa Sefu, muuza samaki wa mapambo. Akachagua samaki kama alivyozoea kuchagua kanga za kutundika mlangoni: mmoja wa kila namna, ili mteja azione zote.

Akaleta wanne. Wa kwanza Milia, mwenye mistari myeusi na mbio nyingi. Wa pili Bwana Kanzu, mapezi marefu anayoyaburura. Wa tatu Masharubu, kambale mdogo wa chini mchangani. Wa nne Kimulimuli, binti mwembamba kama njiti ya kiberiti, na ubavuni mstari wa buluu unaowaka kama moto wa jiko la mafuta ya taa.

Kule kwa Sefu, Kimulimuli aliishi na kundi la wenzake. Mmoja akigeuka, wote wanageuka. Sasa aligeuka kulia, hakuna aliyegeuka. Akageuka kushoto, hakuna aliyegeuka. Akaimba:

Nageuka peke yangu, ee,
nani ageuke nami?

Itikieni basi!

"Nani ageuke nami!"

Akamwendea Milia. "Kaka Milia, tuogelee pamoja."

"Njoo, binti, njoo!"

Kimulimuli akageuka kulia, Milia naye akageuka kulia. Moyo ukamtulia. Mara, ng'wap! Milia kamng'ata mkia.

"Kaka, mbona unaning'ata?"

"Ndio mchezo wetu. Kwetu tulikuwa wanane, tukikimbizana tangu asubuhi, kila mmoja anang'atwa kidogo. Hapa niko na wewe tu, kwa hiyo zamu zote ni zako."

"Milia mbaya!" akasema Mbaruku.

Si mbaya, Mbaruku. Nilimwona Kimulimuli alipokimbia. Milia alibaki anakimbizana na kivuli chake kwenye kioo, na kivuli hakimng'ati mtu.

Mkia ukiwa na pengo, Kimulimuli akaimba:

Nageuka peke yangu, ee,
nani ageuke nami?

"Nani ageuke nami!"

Akamwendea Bwana Kanzu. "Babu, tuogelee pamoja."

"Karibu, mjukuu wangu. Sogea. Sogea tena. Kichwa kwanza."

"Babu, mbona unafungua mdomo? Juzi tulizungumza vizuri."

"Juzi mdomo wangu ulikuwa mdogo. Mimi nakua, mjukuu wangu, nawe hukui."

Kimulimuli akachomoka, akazama chini mpaka mchangani. Akamkuta Masharubu anafukua.

"Mjomba Masharubu, nawe utanila?"

"Sina meno, mwanangu, wala sina ubaya. Kaa."

Akakaa. Masharubu akafukua. Kimulimuli akageuka kulia, Masharubu akafukua. Akageuka kushoto, Masharubu akafukua.

"Mjomba, huwezi kugeuka?"

"Mimi nafukua tu. Kwetu tulifukua sita pamoja, masharubu yakigusana." Akafukua tena kidogo. "Siku nyingi sijaguswa."

Wakakaa wawili pale chini, mmoja anafukua, mmoja anageuka.

Basi Kimulimuli akaingia nyuma ya jani refu. Jani likamwambia, "Kukuficha naweza. Kugeuka nawe siwezi, nina mizizi."

"Jani linasema?" aliuliza Siwazuri.

Mengine hayasemi. Lile lilisema. Siku ya kwanza Kimulimuli hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu mstari wake wa buluu ulizimika, akawa mweupe kama uzi. Hata wimbo hakuuimba. Ilikuwa roho inatoka, wanangu.

Bi Mwanamkasi alipomwona alimtia kwenye chupa yenye maji, akaenda mbio mpaka kwa Sefu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, na shikamoo yako haitarudisha rangi! Umeniuzia samaki mbovu. Siku chache tu amechuja!"

Sefu akaiinua chupa. "Hajachuja, Bi. Nyumbani ana wenzake wangapi?"

"Watatu. Kila mmoja namna yake."

"Mteja akija dukani kwako akataka kipande kimoja cha kanga, utamkatia?"

"Nimkatie? Kanga ni doti! Kipande kimoja akipeleke wapi?"

Mkono wake ulikuwa umeshika ile kanga ya korosho aliyojifunga.

"Basi huyu," Sefu akasema taratibu, "doti yake ni kumi."

Wakachagua upya. Milia akarudi kwa wenzake wenye kung'atana. Bwana Kanzu akapelekwa kwenye tangi kubwa la Sefu, mahali ambapo kila jirani ni mkubwa kuliko mdomo wake. Masharubu akaletewa wafukuaji watano. Kimulimuli akaletewa tisa.

Nyumbani, Bi Mwanamkasi akaiweka mifuko ya samaki wapya juu ya maji, ikaelea mpaka maji yakazoeana, ndipo akaifungua. Kimulimuli alikuwa amekwisha kurudishwa tangini, yuko nyuma ya jani lake. Akageuka kulia, kwa mazoea tu.

Tisa wakageuka kulia.

Akageuka kushoto. Tisa wakageuka kushoto. Mstari wake ukawaka, pa! Chini mchangani masharubu yaligusana, na wala hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Bi Mwanamkasi akakaa mbele ya tangi na sahani yake moja. Mara mlangoni: "Hodi!" Kufungua, ni Zuhra, kajifunga kipande kile kile cha korosho, mzigo kichwani. "Shoga, baridi ya Songea imenishinda. Nimerudi." Bi Mwanamkasi akaenda kabatini, akatoa sahani ya pili.

Watoto wakapiga makofi.

Kwa hiyo wanangu, anayeishi kwa kundi usimlete peke yake kwa kuwa amekupendeza macho. Mlete na wenzake, na majirani uwachague wapole kwa wapole. Ngano yangu imezama hapo, anayeitaka aizamie.

"Mjomba, yote hayo uliyaona?" Siwazuri hakuacha.

Yote. Shingo, jani, masharubu, yote. Kitu kimoja tu nimekitia mwenyewe.

"Kipi?"

Ile hodi.

Mbaruku akauliza polepole, "Zuhra hakurudi?"

Bado. Lakini sahani ya pili aliitoa kweli. Hiyo niliiona.